Wiki ya Mikanda

Kasulu, 3 Septemba 2023

Kwa Shangazi yangu Immakulata, au masenge, kama ninavyokuita nikiwa na shida,

Shikamoo mara nne, maana ni miezi minne sijakuandikia na najua unahesabu. Mdogo wako Reverien, baba yangu, hajambo. Anapiga randa karakanani kutwa, miwani hataki, na juzi kamtengenezea mteja kabati ambalo mlango mmoja unafunguka na wa pili bado unafikiria. Mama presha yake inapanda akimwona baba na inashuka akitoka. Mimi mzima, ila nimenenepa. Najua utafurahi. Usimtangazie mtu.

Sasa hiyo shida. Unajua miaka minne hii nasomea jinsi mwili unavyofanya kazi ukijituma na ukikaa, na kwa nini watu wananenepa. Nimeshawapima makarani na wenye maduka hapa Kasulu mjini. Nimebakiza wanawake wakulima arobaini wa kulinganisha nao, wapimwe wiki moja ya msimu wa kulima, Novemba. Nimechagua Busunzu. Kila mmoja atavaa kiunoni mkanda wenye kidude kidogo kama kiberiti, nacho kinaandika kila akitikisika: akitembea, akilima, akikaa. Baada ya siku saba tunakisoma kwenye kompyuta.

Mimi mwenyewe siji. Utafiti unakataza ndugu kumpima ndugu, watasema matokeo nimeyapika. Watakuja wasaidizi wangu, Tunu na Claude. Ni watu wa mjini, wavumilie.

Shangazi, fedha za utafiti zinaisha mwakani Juni. Kazi hii ikiharibika sina shahada ya udaktari, narudi kufundisha baiolojia kidato cha pili, na wale watoto niliwaaga kwa maneno mabaya. Nakuomba unikusanyie wanawake arobaini wanaokuheshimu.

Barua anakuletea Saady muuza vitenge, anapita Busunzu siku ya gulio.

Mwanao,
Ndayikunda


Busunzu, 24 Septemba 2023

Ndayikunda mwanangu,

Marahaba, moja tu. Hizo tatu nyingine mpe Saady, aliyekaa na barua yako wiki mbili chini ya vitenge kisha akaniambia alidhani ni risiti. Nawe usinihimize habari za simu. Mtandao uko kwenye kilima cha shule peke yake, na nikiongea pale kitongoji kizima kinajibu.

Huku tupo. Mihogo imekubali, mbuzi mmoja amekufa kwa ulafi, mzee wangu anakohoa na anavuta, anavuta na anakohoa. Padri alihubiri juu ya uvivu Jumapili iliyopita, akiwa amekaa.

Kwa hiyo umenenepa! Mana yanje, Mungu wangu, asante. Nimewaambia watu watatu tu, na hao wakawaambia waliobaki. Pasaka ulikuja umekonda, watu wakaniuliza kwa sauti ya chini kama unatumia dawa. Aibu niliyoipata siku ile nitakufa nayo. Sasa wakija nawaambia, subirini mumwone, ana mwili.

Jambo lako nimelisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Miaka minne, ili mjue kwamba anayelima hanenepi na anayekaa dukani anaota makalio? Si ungeniuliza mimi, nikakuambia bure kabla ya chai? Lakini shahada ni shahada, na kidato cha pili nakijua, nilikaa nacho basi moja kutoka Kibondo nikashuka njiani.

Nina maswali. Hicho kidude kinasikia maneno? Na mambo ya kitandani kinahesabu? Si kwa ajili yangu, mimi na mzee tumestaafu. Wameuliza wengine. Na Bazilio, mwenyekiti wetu wa kitongoji, anataka kujua kwa nini wanawake tu, kwani wanaume wa Busunzu hawana viuno?

Arobaini utawapata. Hawaniheshimu, wananiogopa, lakini kazi itakuwa ile ile.

Shangazi yako,
Immakulata


Kasulu, 12 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote salama, kabati limerudishwa.

Nakujibu haraka kabla Saady hajaondoka. Kidude hakisikii maneno. Mambo ya kitandani kinahesabu, ila hakijui ni nini. Kwenye kompyuta yanaonekana kama mtu anayepanda mlima kwa muda mfupi. Bazilio usimwambie kuhusu huo muda mfupi. Wanaume tuliwajaribu kijiji kingine, wakavua mikanda wakaifunga kwenye baiskeli, tukapata wazee wa miaka sabini wanaokimbia kuliko jeshi.

Siku ya kwanza watapimwa uzito na mzunguko wa mkono, wataweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali. Halafu shika haya matatu, Shangazi, nakuomba. Kwanza, asivue mtu mkanda, hata wa kulala. Pili, mwisho wa wiki kila mmoja apewe mche wa sabuni na kilo ya sukari, ndiyo shukrani yetu. Tatu, na hili ndilo kubwa: asielezwe mtu tunatafuta nini. Wewe unajua, lakini funga mdomo. Mtu akijua unachotafuta anakupa hicho hicho, na mimi nataka ukweli.

Najua nakuomba kitu kigumu, kukwambia wewe ufunge mdomo.

Ndayikunda


Busunzu, 3 Desemba 2023

Ndayikunda,

Hatujambo. Mvua ziliwahi, kulima tumechelewa kidogo. Mzee ana malengelenge mikononi. Bazilio naye kiuno kinamsumbua, anatembea kama mtu aliyedondosha sindano. Ni msimu tu.

Wageni wako walikuja, wakapima, wakaondoka, wakarudi, wakachukua mikanda, wakaondoka. Kila kitu kimekwenda vizuri. Huyo Tunu nani anamnyima chakula? Nilimpa ugali mara mbili akasema ameshiba, nikamtazama mpaka akala mara ya tatu. Claude alikuja na gari jeupe, koti la mifuko mingi, mizani, ule utepe wa mkono na daftari. Watu walijipanga foleni hata kabla hajafungua mlango wa gari. Mwenyewe alisema hajaona kijiji chenye nidhamu ya namna ile.

Mikanda haikuvuliwa. Waliooga walioga juu na chini, katikati pakasubiri. Nilisimamia mimi, na unajua nikisimamia.

Wanawake wanakusalimu kwa moyo wote. Kila siku wananiuliza mnarudi lini, hata kanisani wananinong'oneza wakati wa sadaka. Wanaume hawaulizi.

Nina swali moja dogo. Ile sabuni na sukari, ndiyo yote, au ni ya kuanzia?

Shangazi yako


Kasulu, 19 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Baba amenunua miwani, kaipoteza siku hiyo hiyo. Mama anasema ameikalia na hataki kusimama tuone.

Matokeo yametoka. Kaa chini, ingawa kwa mujibu wa kompyuta ndivyo ulivyo tayari. Mwanamke wa Busunzu, wiki ya kulima, anatembea hatua mia tisa kwa siku. Karani wa hapa Kasulu anayeletewa chai mezani ana elfu nne! Saa ishirini na moja kwa siku wanawake wenu wamelala au wamekaa. Nilidhani vidude vimekufa. Nikavikagua kimoja kimoja, vizima vyote.

Msimamizi wangu, Profesa Kipriani, ambaye hajaona viatu vyake tangu awamu ya tatu, aliposoma alisimama bila kushika meza. Anasema dunia nzima inaamini mkulima wa Afrika anajituma, sasa sisi ni wa kwanza kuonyesha vinginevyo. Anataka niwasilishe mkutanoni Nairobi mwezi wa tano, na chuo kina nafasi ya mhadhiri wanaonishikia. Kichwa cha habari kakichagua yeye: Wakulima Wanaokaa. Tarehe 16 Aprili natetea tasnifu, na nikitoka hapo ni daktari.

Natakiwa nifurahi, na kweli nimefurahi. Lakini Shangazi, mimi nimekulia mgongoni mwako ukilima. Na uzito wao na mikono yao ni ya watu wanaofanya kazi, si ya watu waliolala. Niambie ukweli. Walivaa?

Ndayikunda


Busunzu, 14 Februari 2024

Daktari mtarajiwa,

Hongera! Nimepiga vigelegele peke yangu, mzee akatoka nje akidhani kuna nyoka.

Walivaa. Naapa kwa Bikira Maria, na mimi simwapii bure kama wale wa kwaya. Arobaini walivaa siku saba. Umeuliza hilo, nimejibu hilo.

Mahindi yamedumaa kidogo yale yaliyochelewa kupandwa. Mke wa Bazilio amejifungua binti, mkubwa, kilo nne, hatujui katoa wapi. Jirani yetu aliyehamia Mabamba amerudi, anasema kule mpakani watu wanaulizana vitambulisho hata wakisalimiana.

Mwanangu, nikuulize na mimi. Profesa amefurahi. Kazi umepata. Mashine haidanganyi, uliandika mwenyewe. Wanawake hawasemi kitu, wanaume hawasemi kitu, mwenyekiti hasemi kitu. Jambo walilolinyamazia watu wote hao wewe unalichokonoa la nini? Chukua shahada yako ukale.

Shangazi yako anayekupenda


Kasulu, 9 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, mama hajambo. Wewe sijui.

Jana nimemkuta Bazilio hapa mjini, dukani kwa Saady. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Daktari, ile mikanda hairudi tena, sivyo?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nimeteka maji siku saba, ndoo kichwani, mbele ya wakwe zangu!" Halafu akaziba mdomo kwa kofia, akatoka mbio, na ndoo ya rangi aliyoinunua akaiacha.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji aliteka maji. Mzee wako, ambaye jembe analijua kwa jina, ana malengelenge. Na wewe unaniandikia habari za Mabamba.

Nisikilize vizuri. Tarehe 16 Aprili nasimama mbele ya watu sita naapa kwamba hii ni kweli. Wakigundua baadaye wananivua kila kitu. Wasipogundua ni vibaya zaidi, nitakuwa nimewaandika wanawake wa kwetu kuwa wavivu, karatasi itakwenda Nairobi na Ulaya, na karatasi haizeeki. Nani aliwaambia walale, na kwa nini?

Bado nakupenda, ila leo si sana.

Ndayikunda


Busunzu, 22 Machi 2024

Mwanangu Ndayikunda,

Marahaba. Saady nimemwambia akiikalia barua hii nitazikwa na gunia kuliko kununua kitenge chake tena. Huku wote wazima.

Ni mimi. Niliwaambia walale.

Wewe umezaliwa huku, kwako mizani ni kitu cha sokoni. Mimi nilivuka mpaka nikiwa mkimbizi, mwaka wa sabini na mbili, nina miaka minane, na mizani niliijua kwa namna nyingine. Pale kambini tulipofikia, kila mwezi lilikuja gari jeupe. Akashuka mtu mwenye koti la mifuko, na mizani, na utepe wa mkono, na daftari, na wino wa dole gumba. Aliyekonda akaandikiwa maziwa na unga wa ziada, sabuni na sukari. Aliyeonekana ana nguvu akafutwa. Basi mama alitulaza tangu siku moja kabla. Hakuna kucheza, hakuna kuchota maji, macho yawe nusu. Kulegea ilikuwa ndiyo kazi yetu, na tuliifanya vizuri kuliko nilivyowahi kulima shamba lolote.

Tulikuwa watatu. Mimi, baba yako, na mdogo wetu Niyonzima, msichana, hajatimiza miaka miwili. Mara ya tatu baba yako alichoka kulala. Alikuwa na miaka minne, unategemea nini? Aliponyoka akamkimbiza kuku mbele ya yule mwenye daftari, huku anacheka. Kuku mwenyewe hakuwa wetu. Yule mtu naye akacheka, akampenda, akaandika kwamba kaya hii imepona. Tukafutwa wote. Niyonzima aliishi wiki sita tu baada ya hapo.

Baba yako anajua alikuwa na dada akafa kwa homa. Mama alisema hivyo, na mimi nimesema hivyo miaka hamsini. Ukimwambia vingine nakuja Kasulu kwa miguu nikuchape, udaktari wako nitautundika mlangoni.

Sasa Novemba lilipokuja gari jeupe, na koti, na utepe, na wino, mimi nilijua ni kazi yako. Ulikuwa umenieleza kila kitu kwenye barua. Lakini mwili wangu ulikuwa haujasoma barua! Wale wanawake walinitazama. Wengi wamepita kambini, ile ya zamani au za miaka ya tisini, au mama zao walipita. Hakuna aliyewaeleza kitu, maana ulikataza. Nikasikia mdomo wangu unasema, laleni, siku saba asitikisike mtu. Waume zao nikawaambia washike jembe na ndoo, nikazunguka na fimbo. Ilipofika siku ya tatu nilishajua nimefanya upumbavu. Ila ungewaona, Ndayikunda. Mke wa Bazilio, mimba ya miezi saba, alilala siku mbili akaamka anaimba. Wengine tangu waolewe hawajawahi kuletewa chai. Nikashindwa kuwaambia waamke.

Kwa nini sikusema? Aibu, hiyo moja. Ya pili, ule uongo ulikuwa unakupa kazi. Sisi tumekua tukijua uongo wa namna hiyo unalisha watoto. Sikujua kwamba unaweza pia kumla mtu.

Fanya unavyoona. Shahada yako ikifa nimeiua mimi, na matanga nitakaa.

Immakulata


Kasulu, 27 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimenyamaza miezi miwili, na safari hii kosa si la Saady.

Nilikwenda kwa Profesa Kipriani wiki ile ile niliyopata barua yako, nikamwambia matokeo ya Busunzu hayafai. Akafunga mlango. Akaniuliza taratibu, "Nani mwingine anajua?" Nilimwelewa, Shangazi, na nisikudanganye, nilikaa sekunde kadhaa nikiliangalia lile swali kama mtu anayeangalia sambusa. Halafu nikamwambia wanajua wanawake arobaini, waume zao, na wakwe wa mwenyekiti. Akaketi.

Nimejitoa. Nairobi amekwenda mwingine. Nafasi ya mhadhiri kapewa mwingine. Chuo kimeniongezea mwaka mmoja nirudie, fedha nitafute mwenyewe. Nafundisha kidato cha pili, siku tatu kwa wiki. Wananikumbuka.

Nilikukasirikia mwezi mzima. Kisha nikazitoa barua zangu mwenyewe, nakala ninazo, nikazisoma. Nani alisema nisije? Mimi. Nani alisema wasielezwe? Mimi. Sabuni na sukari je? Mimi tena, na nilijiona mkarimu. Nilitengeneza kambi nzima kwa mikono yangu, nikaipakia kwenye gari jeupe, nikawaletea. Sikukosea hesabu hata moja, nilikosea watu.

Baba sijamwambia. Wiki ya kwanza nilishindwa kumtazama mezani, akaniuliza kama nina ujauzito.

Novemba nakuja mwenyewe, kwa basi, bila mizani na bila Claude. Nitawaeleza wanawake kila kitu kwanza, sheria ya kuficha na ile ya ndugu nimeziondoa na chuo kimekubali. Mkanda nitavaa na mimi, na nitalima nao. Niambie kama watanipokea.

Mwanao,
Ndayikunda


Busunzu, 20 Juni 2024

Ndayikunda mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikalia, kisha nikafika kwenye ujauzito nikacheka, mzee akasema nimechanganyikiwa. Hajambo, anakusalimu.

Wanawake nimewaita, nikakiri mbele yao kwamba nimekuponza. Wamekusamehe wewe, mimi bado. Lakini waliposikia safari hii hakuna kulala, kelele zilizotokea hapa zilifika Gwarama. Tumekaa kikao saa tatu. Wamekubali kulima na mikanda yako siku saba, kwa haki, kama wanavyolima siku zote, kwa sharti moja. Ukimaliza kusoma vidude, wape mikanda mitupu waivae wiki nyingine moja, na wanaume wasiambiwe kwamba ni mitupu.

Mimi nimeona ni sharti la haki.

Na wewe utalima? Kwa mwili huo nilioutangaza? Njoo na dawa ya kuchua, mwanangu, kopo kubwa.

Shangazi yako


Kasulu, 30 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo, na mgongo wangu unakuamkia peke yake, bado haujanyooka tangu Novemba. Mama presha imetulia tangu baba ahamishie kitanda cha mchana karakanani.

Nimepita! Ijumaa iliyopita, mbele ya watu sita, saa mbili na nusu nimesimama. Wamenipa marekebisho machache, lakini nimepita. Hatua elfu kumi na saba kwa siku, Shangazi, ndiyo wastani wa wanawake wa Busunzu, na saa sita za kazi nzito. Wa kwanza kwenye orodha nzima, elfu ishirini na tatu, ni mwanamke mmoja wa miaka sitini, jina limefichwa kwa mujibu wa sheria, lakini ana fimbo. Wa mwisho kabisa, chini ya makarani wote, ni mimi, kwa sababu siku ya tatu nilitapika kwenye tuta la maharage nikalala kivulini, na kidude kikaandika.

Profesa anasema matokeo ni ya kawaida sana, kila mtu aliyajua. Nilimwambia shangazi yangu naye alisema hivyo kabla ya chai. Kazi chuoni bado sina. Lakini sura ya tano, niliyoandika juu ya wiki ya kulala, bila jina la mtu, waliisoma yote. Mtahini mmoja, mama mtu mzima, aliweka kalamu chini, akasema, "Hapa nilipokaa nimepima watu miaka thelathini. Sikuwahi kuuliza wananiona nani."

Limebaki jambo moja kabla tasnifu haijafungwa kuwa kitabu. Mbele kuna ukurasa wa kutabaruku, wa kusema kazi hii ni kwa ajili ya nani. Nataka kuandika: Kwa shangazi yangu, Immakulata Mpawenimana wa Busunzu. Niruhusu. Wanakifunga tarehe 25 Julai, mwambie Saady asilale.

Daktari wako,
Ndayikunda


Busunzu, 11 Julai 2025

Daktari Ndayikunda,

Marahaba zote, leo sikubanii. Tulichinja. Nimesoma barua yako kwa sauti kwenye jumuiya, nikaruka pale pa kutapika, kisha nikarudi nikapasoma, maana walikuwa wanajua. Elfu ishirini na tatu! Mzee nimemwambia mara mbili. Ya pili alikuwa amelala lakini nilimwambia.

Wiki ya mikanda mitupu bado inaendelea kusemwa. Bazilio ameanza kuteka maji Jumamosi bila kulazimishwa, anasema kiuno kimezoea. Sisi tumemwambia ni sayansi.

Sasa ukurasa wako. Nimeufikiria siku nne, na mimi sifikirii kitu siku nne. Jina langu usiweke. Mimi nimeandikwa vya kutosha, niko kwenye cheti cha uraia, kwenye daftari la kura, kwenye kadi ya kliniki, kwenye kitabu cha Padri, kote nipo, na bado nipo mwenyewe.

Andika Niyonzima. Katika dunia yote hii jina lake liliwahi kukaa kwenye karatasi moja tu, daftari la yule mtu, na hapo lilipigwa mstari. Hana cheti, kaburi lake siwezi kulionyesha, mama aliyembeba amekufa. Nimebaki mimi ninayeujua uso wake, na mimi nina miaka sitini na moja. Andika Niyonzima tu, bila maelezo, kwa herufi zinazosomeka.

Baba yako atakisoma, maana kitabu hicho atakitembeza mtaa mzima wa mafundi, na miwani ataazima. Atakuja kukuuliza kwa nini umeandika jina la mtoto yule. Usimwambie habari za kuku. Mwambie ulitaka kuandika jina la shangazi yako, na huyo naye ni shangazi yako.

Immakulata